Bingwa wa Kukaa Kitako

Mabibi na mabwana, nanyi vijana mliokunja shingo kule nyuma kama mipini ya miamvuli, tulieni. Mbele yenu amesimama bingwa wa sayansi ya kukaa kitako. Shahada sina, maana katika fani hii bado hajapatikana mtu wa kunitahini.

Sayansi yenyewe inaitwa ergonomia. Jina hilo alilibuni Mpolandi Wojciech Jastrzębowski mwaka 1857, kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, kazi na kanuni, wala hakunishirikisha. Nimemsamehe. Kabla yake, mwaka 1713, tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini alikwishaandika kwamba makarani wanaumizwa na mambo matatu: kukaa mno, kuendesha mkono uleule bila kituo, na kuchosha akili. La tatu tuliruke. Ofisi zenu nimezitembelea.

Tuje kwenye kifundo cha mkono. Pale pana vifupa 8, na kati yavyo na ukano mpana wa juu pana njia nyembamba. Humo neva moja inabanana na kano 9 za vidole, kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili asubuhi. Ukichapa huku umeupinda mkono kwenda juu, ni kama konda kaita wengine waingie. Usiku kidole gumba na wenzake wanakufa ganzi, nawe unamshuku jirani. Kidole cha mwisho kinapona, kwa kuwa neva yake inapita kwingine. Sasa mchawi gani huyo anayebagua vidole?

Vile vimiguu viwili chini ya kibodi, mnavyovisimamisha kwa fahari, vilazeni. Ndivyo vinavyoupinda mkono. Na kile kimto cha kiganja ni cha kupumzikia, si cha kuegemea huku unachapa.

Yaliyobaki hata mtoto anayaweza: viwiko karibu na mbavu, nyayo zikanyage kitu, ukingo wa juu wa skrini usipite macho. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, na kikiinama mbele, shingo ndiyo inayolipa. Changu kina zaidi, kwa sababu zinazoeleweka.

Haya yote niliyagundua, nasema niliyagundua, kwenye duka la steshenari mtaani kwetu. Dada mchapaji wa pale amekunja kanga, akaifunga kwenye kiti kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ikamkaa sawasawa kiunoni. Miguu iko juu ya kreti tupu la soda. Skrini imepandishwa kwa rimu mbili za karatasi. Kila akimaliza barua anautazama mwembe ulio ng'ambo ya barabara, misuli ya macho ilegee. Nikamuuliza kasomea wapi. Akasema mgongo ulimuuma, akatafuta namna. Ilibidi nimweleze kwamba anatumia mfumo wangu bila kibali.

Mimi kiti changu kimemeza mshahara wa miezi miwili. Kina vishikio saba, na vyote nimevivuta. Tangu Jumanne shingo yangu inatazama kushoto tu, kwa hiyo walioketi kulia wasidhani nimewadharau.

Sasa maswali. Mwenye swali upande wa kulia ahamie huku kwanza, na apite kwa nyuma, asije akanisalimia nikageuka.