Farasi Kumi na Tano Sebuleni

Kolwezi hakuna injini inayokosa fundi. Lori la mgodi ambalo gurudumu lake linamzidi mtu kimo lina fundi wake, tena wa zamu ya usiku. Jenereta zina mafundi, pikipiki za abiria zina mafundi kila kona ya Manika na Dilala, na zile mashine za kuvuta maji ambazo wachimbaji wa mikono huzishusha mashimoni zina vijana wanaoujua ugonjwa kwa kusikia mngurumo tu. Baba watoto akaenda akaniletea injini pekee ambayo mji mzima wa shaba haukuwa na habari nayo. Injini ya mashua.

Ilikuwa kiangazi cha 2025. Tangu Februari serikali ilikuwa imezuia kobalti isitoke nje ya nchi ili bei ipande, na hapa kwetu, ambako kobalti ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, ada ya shule na hata sadaka ya Jumapili, pesa ilikuwa imenyauka. Watu walikuwa wanauza vitu. Mhandisi mmoja mgeni, ambaye mkataba wake haukurefushwa, alikuwa anauza friji, mazulia, mbwa wawili, na mashua ya faiba yenye Yamaha ya farasi 15. Nilimtuma baba watoto friji. Alirudi na mashua imefungwa juu ya gari la kukodi, akishika kamba kwa mkono mmoja kupitia dirishani, kana kwamba mkono ule ungeizuia.

"Mama watoto," akasema kabla sijafungua mdomo, "Jumapili tutakuwa tunakwenda Nzilo. Watoto wapate hewa."

Msomaji asiye wa huku aelewe kwanza Nzilo ni nini kwa ukoo wa mume wangu. Ni ziwa la kutengenezwa, kaskazini mwa mji, mahali ambapo mto Lualaba umezuiwa kabla haujajitupa kwenye magenge. Union Minière walijenga ukuta wake mwanzoni mwa miaka ya 1950 wapate umeme wa viwanda vya shaba, wakaliita ziwa Delcommune, jina la Mbelgiji aliyepita Katanga mwaka 1891. Baba mkwe aliingia kazini Union Minière akiwa kijana, akastaafia Gécamines. Anasimulia kwamba wakubwa wa kampuni walikuwa wanakwenda kule Jumapili kupumzika na mashua zao, naye alipelekwa kuwashikia kamba wakati wa kupanda na kushuka. Kwenye mashua yenyewe hakuwahi kukaa. Nilipokumbuka hilo nikanyamaza kuhusu friji. Kwa muda.

Mashua ililala uani, lakini injini haikuweza kulala uani, maana wezi wa mtaa wetu hubeba hata mlango wa bati. Ina kilo kama 36, inabebeka. Basi ikafungwa kwenye kigingi cha mbao sebuleni, kati ya televisheni na kabati la vyombo, mguu wake umening'inia juu ya beseni la kupokea matone. Mama mkwe akaifunika kitambaa chake cha kufuma ili wageni wasiione. Waliinusa. Mezani bukari ilinukia petroli, sombe ilinukia petroli, na mama mmoja wa kanisani, baada ya kusali nasi macho yamefumbwa, aliuliza kwa upole kama tumeanza biashara ya mafuta.

Sasa injini hiyo lazima ijaribiwe, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wavuvi wote wanalijua. Injini ya mashua haina rejeta wala feni. Inakunywa maji ya ziwa kwa mguu wake. Ndani kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa laini, impela, kinachoyavuta maji na kuyapandisha kichwani ipoe, kisha inayatoa kwa nyuma kwa mkondo mwembamba. Wavuvi husema inakojoa. Ikikojoa, ni nzima. Ukiiwasha pakavu, mpira unasagika kabla hujamaliza kushangilia. Kwa hiyo ukitaka kuijaribu nyumbani, unautumbukiza mguu kwenye pipa la maji.

Pipa letu la lita 200 ndilo benki yetu. Maji ya bomba huja usiku, siku yanapojisikia, na anayeamka kuyakinga ni mimi.

Mdogo wangu, shemeji ya baba watoto, aliitwa kwa sababu anatengeneza malori ya mgodini. Alikuja na kompyuta na waya wake kwenye mkoba. Akaizunguka injini kushoto, akaizunguka kulia, akapiga magoti, akachungulia chini ya kitambaa cha mama mkwe.

"Shemeji, waya nachomeka wapi?"

"Hii ni ya kuvuta kamba, shemeji."

Mdogo wangu akaifunga kompyuta polepole, kama daktari anayeagana na wafiwa. Lakini hakuondoka, maana nyama ilikuwa jikoni. Wakaitumbukiza pipani. Baba watoto alikuwa ameshachanganya petroli na oili, kwa sababu injini ya aina hii hulainishwa na oili iliyomo ndani ya mafuta yenyewe. Alichomimina ni oili ya lori aliyopewa na rafiki, kipimo chake jicho. Wakavuta kamba, wakapokezana, wakavua mashati. Ilipowaka, ilitoa moshi mweupe mzito hata jirani akaruka ukuta na ndoo ya mchanga. Kuku walikwenda wasikokujua. Katika moshi huo kifungua mimba wetu, kwa nia njema kabisa, akaona kirungu kidogo ubavuni akakisukuma mbele.

Kirungu kile ndicho gia. Rafadha ikazunguka ndani ya pipa, na pipa likajitapika uani lote kwa pumzi moja, maji ya oili yakapanda hewani na kuteremka juu ya shuka nilizoanika na juu ya mama mkwe aliyekuwa anachambua maharagwe. Injini ikazima. Katika ukimya ule baba watoto akauliza swali lililonifanya nilale chumba cha watoto: "Ilikojoa?"

Haikuwa imekojoa.

Hapo ndipo msako wa fundi ulipoanza. Karakana moja kubwa inayohudumia mitambo ya migodi ilitupokea kwa heshima, ikatuandikia makadirio ya bei kwa Kifaransa kizuri: dola 150 za kuifungua na kuitazama tu, bila ahadi. Kwa hesabu zao ni haki, maana wamezoea mashine ambayo ikilala saa moja kampuni inapoteza pesa za kununulia nyumba. Mlinzi wa geti ndiye aliyetuonea huruma, akatuelekeza kwa kijana wa Kapata anayetengeneza mashine za kuvuta maji mashimoni.

Kijana yule nampa haki yake. Alikuwa wa kwanza kuufungua mguu na kutuonyesha ugonjwa. Injini ilikuwa imekaa miaka bila kuguswa, mabawa ya impela yamejikunja yakakauka, mawili yamekatika. Vipande vilivyokatika alivichokonoa kwenye njia za maji kwa waya wa spoki, akaniambia, "Mama, ukiviacha humo, hata impela mpya itakosa pa kupitisha maji." Hayo yalikuwa maarifa. Halafu akachukua kisu, akachonga impela mpya kutoka kwenye tairi kuukuu la lori. Dola 10. Pipani (pipa nililokinga upya, usiku) ilikojoa vizuri, na baba watoto akamkumbatia.

Jumapili ikafika. Nzilo ilikuwa tulivu, vilima vya miombo pande zote, na hewa safi isiyo na lile vumbi jekundu ambalo kiangazi huku huingia mpaka kwenye sukari. Tuliondoka ufukweni vizuri. Tairi la lori, hata hivyo, limetengenezwa libebe mzigo, halikutengenezwa kupindapinda mara maelfu kwa dakika. Tulipofika kati, mkondo wa nyuma ukawa matone, matone yakawa mvuke, na injini ikanyamaza. Kasia lilikuwa moja. Baba watoto alipiga kasia upande mmoja, tukawa tunazunguka, watoto wanashangilia wakidhani ndiyo starehe yenyewe waliyoahidiwa.

Mvuvi mmoja alitufunga kamba nyuma ya mtumbwi wake, ambao ulikuwa na Yamaha kama yetu, imechubuka rangi yote, kifuniko kimeshonwa kwa nyaya. Ikakohoa, ikawaka, ikatuvuta. Mimi nikamuuliza kile ambacho wanaume wawili wa nyumbani kwangu hawakuwa wamemuuliza mtu yeyote: "Yako nani anakutengenezea?"

Alituonyesha kwa kidevu mzee mmoja chini ya mti, ufukweni. Mzee huyo alijifunzia kazi Bukama, ambako Lualaba huanza kupitika kwa vyombo hadi Kongolo, na ambako mashua za mizigo za kwenda Malemba Nkulu na Ankoro zikikosa injini, watu na magunia yao hulala njiani. Amezeeka na injini za namna hii. Hakuvuta kamba. Aliomba bisibisi, akalegeza skrubu ya chini ya mguu, oili ya gia ikatiririka kiganjani mwake nyeupe kama maziwa.

"Maji yameingia," akasema. "Sili zimekufa. Impela hii ni kiatu. Plagi hizi ni za uongo, soma mwenyewe." Kisha akamgeukia baba watoto. "Papa, oili uliyotia ni ya nini?"

Baba watoto akatazama ziwa.

Mzee alitaja vipuri vitatu, impela, sili na plagi, akakataa kuanza kazi mpaka vije vya kweli. Dukani Lubumbashi, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu, tulitajiwa bei iliyokaribia nusu ya bei ya mashua. Wokovu ulitoka barabarani. Kobalti ilikuwa imezuiwa, lakini shaba iliendelea kusafiri, na madereva Watanzania waliendelea kuja kupakia. Mdogo wangu, akitafuta kujisafisha baada ya ile kompyuta, alimleta mmoja nyumbani.

"Shikamoo mama," akasema yule kijana, kisha akacheka alipoiona injini imevaa kitambaa. Kwao, kuanzia pwani hadi Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria, wavuvi wanatumia hizo hizo. Vipuri Dar es Salaam si muujiza. Akaandika namba iliyo kwenye injini, akaenda zake na mzigo wa shaba, Kasumbalesa, Zambia, Tunduma. Aliporudi na shehena nyingine alikuwa na kifurushi kimefungwa kwa mpira juu ya dashibodi. Faida yake alitaka ilipwe kwa samaki wa Nzilo na bukari, ambayo alisisitiza ni ugali.

Mzee alifanya kazi asubuhi moja, chini ya mti wake. Ufunguo mdogo wa chuma unaoshika impela isiteleze kwenye mhimili aliubana midomoni muda wote, kwa hiyo hakujibu maswali. Alipomaliza alidai chupa ya mtoto ya kunyonyea, yenye alama za vipimo. Bidoni la petroli la lita 5, oili ya kuchanganya mililita 100, basi. Moja kwa hamsini, na iwe oili ya kazi hiyo. Chupa hiyo sasa imefungwa kwa uzi kwenye bidoni na mama mkwe ameiandika kwa kalamu nyekundu: SI YA MTOTO.

Kazi ilikuwa dola 25. Baba watoto akatoa noti, Mzee akaishika juani, akaona mpasuko wa ukubwa wa punje ya mchele pembeni, akairudisha. Nchi hii unaweza kuendesha gari lililopasuka kila mahali, lakini dola lazima iwe bikira. Tulipekua mifuko yote. Mama mkwe, aliyenyeshewa oili, aliyefunika injini kwa aibu, akafungua Biblia yake na kutoa noti iliyonyooka kama imepigwa pasi.

Siku hiyo baba mkwe alipanda. Mwanawe alimkaribisha usukani, akakataa. Alisema yeye anataka kukaa tu, na kamba ashike mwingine.

Injini inakojoa mpaka leo. Inahamia kwa Mzee kila inapoanza mvua, anaibadilishia oili ya gia na kuikagua impela, kwa bei ile ile. Friji bado hatuna.

Basi wewe uliyeko Kolwezi, Fungurume au Likasi, ukiwa na injini ya mashua inayokusumbua, usiipeleke kwenye geti la karakana ya malori. Nenda ufukweni alfajiri, mitumbwi inapotua, utafute injini iliyochakaa kuliko zote na inayowaka kwa mvuto mmoja, umuulize mwenyewe nani aliifungua mara ya mwisho. Mtu huyo akikosea, mvuvi harudi na samaki, kwa hiyo hakosei ovyo. Chukua vipuri vyako mkononi, na noti zisizochanika.