Sifa za Ukuta Mweusi

Dhahabu ya Kakamega imesifiwa, msitu wake umesifiwa, hata mafahali wake wa kupigana wana washabiki wao. Ukuta wa mbao nyeusi sebuleni hauna mshabiki. Unameza mwanga wa balbu kabla haujafika kwenye gazeti, na kila Krismasi ikikaribia huhukumiwa kupakwa rangi nyeupe. Ninausimamia kama wakili, maana mshtakiwa mwenyewe hana neno: tangu apigiliwe misumari hajawahi kudai chochote.

Hoja yangu ni hiyo hiyo ya kutodai. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikimwagika alasiri, saa ambayo watoto wanarudi kutoka shule na matope mekundu hadi magotini. Ukuta mweupe huweka kumbukumbu ya kila kiganja kama karani wa mahakama. Ukuta mweusi hupokea matope, masizi ya koroboi, mafuta ya kuku na migongo ya wageni, na vyote vikapotelea ndani ya weusi ule ule. Mtasema huo ni uchafu uliofichwa. Naam, ni uchafu uliofichwa, na nionyesheni nyumba yenye heshima isiyoficha kitu.

Sasa mtazameni mpinzani wake, rangi nyeupe. Mbao nyingi nyeusi zina tanini, na vifundo vya mbao za misonobari vina utomvu. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu yake huiyeyusha tanini na kuivuta nje, na baada ya muda mfupi madoa ya rangi ya chai yanajitokeza, ukuta mweupe ukaanza kulia kama lile jiwe la Ilesi, hapa Kakamega, linalotiririka maji. Hapo ndipo fundi anapokumbuka kwamba ilifaa kupiga msasa kwanza, kisha praima ya kuzuia madoa, kisha mikono miwili ya rangi. Hata akifanya yote hayo, mbao zinavimba mvua ya Aprili na kusinyaa kiangazi cha Januari, na kila kiungo kinachora ufa wake mwembamba juu ya weupe. Anayepaka rangi hamalizi kazi, ameajiriwa. Na akijuta, rangi imekwisha kuzama kwenye mishipa ya mbao na kwenye kila mfereji, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko kuipaka.

Pingamizi zito ni la giza, nami silikani: weupe hurudisha mwanga, weusi huula. Lakini giza lina faida zisizohesabiwa. Mgeni wa saa kumi na mbili hawezi kuona kwamba chai ni nyepesi. Stima ikipotea, nyumba iliyozoea giza haipotezi mengi. Wanaodai kwamba rangi huzuia mchwa nao wakumbuke kuwa mchwa hula kutoka ndani, na kuacha ngozi ya rangi ikiwa imesimama vizuri kabisa hadi siku mtu atakapoiegemea.

Kuna pia suala la bei. Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mbao zilipanda bei, na ilikuwa Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hayo. Kununua mbao kwa bei hiyo kisha kuzifanya zifanane na plasta ni ubadhirifu. Saruji ingefanya kazi hiyo bila kujificha.

Plaiwudi nyembamba iliyopigwa vanishi nyeusi ili ijifanye mvule siitetei, hiyo ipakwe hata leo. Na anayesumbuliwa sana na giza apake dari peke yake. Mwanga mwingi hurudi kutoka juu, na hakuna mtoto, hata wa Kakamega, anayefika huko na mikono ya matope.