Sifa za Kosa Namba 1064

Wengine na wasifu timu zao. Mimi nalisifu kosa namba 1064 la MySQL, lile linalojitokeza programu inapotuma swali kwenye hifadhidata na swali lenyewe likawa na kasoro ya sintaksia. Halichagui mkubwa wala mdogo. Haliombi chai. Halikwambii uje kesho.

Lakini sifa yake kuu ni kuelekeza. Tafuta wakazi wa Murang'a kwa programu iliyoandikwa kizembe. Ndani ya swali, jina hufungwa kwa alama mwanzo na mwisho, na alama hiyo ni ritifaa ileile ya ng'. Seva ikikutana nayo katikati, inajua jina limekwisha: Murang. Inabaki a, yatima. Hapo 1064 linatamka kwa heshima zote: kuna kosa karibu na a, mstari wa 1. Karibu na a! Na huo mstari wa 1 ni hekima tupu, maana programu nyingi hutuma swali zima kwa mstari mmoja, hata liwe refu kama treni, na kosa halina pengine pa kukaa. Kisha linakushauri usome mwongozo wa toleo la seva yako, ambao ni maelfu ya kurasa.

Ningeendelea kusifu, ila hasira zimenipanda. Dawa ipo miaka mingi: swali hutumwa peke yake, jina likatumwa kando kama kigezo, na ritifaa haimdhuru mtu. Badala yake karani anasema, "Mzee Ng'ang'a, toa hiyo alama, mfumo unaikataa." Anaandikwa Nganga, kitambulisho hakilingani na cheti, anarudishwa nyumbani. Mfumo! Mfumo una aliyeuandika, na una bosi aliyeupokea na kuidhinisha malipo bila kujaribu jina hata moja lenye ng'. Tena tundu linalomkwamisha Ng'ang'a ndilo linalompitisha mdukuzi: OWASP, shirika la usalama wa programu, katika orodha zake za hatari za programu za wavuti za 2010, 2013 na 2017, liliweka mashambulizi ya jamii hiyo, ya kupenyeza amri ndani ya data, namba 1.

Wewe utakayekabidhiwa mfumo ujao wa ofisi yenu, kabla hujatia saini, keti mwenyewe kwenye kibodi uandike Ng'ang'a wa Murang'a. Likitokea 1064, usilipe.