Ombi la Uhamisho wa Kurudi Kijijini: Barua ya Wazi kwa Waziri wa TAMISEMI

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA UHAMISHO KUTOKA KARIAKOO KWENDA ULAYA, WILAYANI KILOSA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni kijana ninayeuza soksi na chaja za simu Kariakoo. Wito ambao viongozi wa awamu zote wametoa, kwamba vijana tuache kuzurura mjini tukalime, umenifikia, nami nimeukubali. Naomba nirudishwe Ulaya kwa taratibu zilezile za mtumishi wa umma anayehamishwa: posho ya kujikimu, nauli ya mke na watoto, na gharama za kusafirisha mizigo. Mizigo yenyewe ni begi moja la shangazi kaja, hivyo Hazina haitatikisika. Na kama yuko mtumishi aliyepangiwa kijijini kwetu ambaye tayari ameandika barua ya kumfuata mwenza wake mjini, niko tayari tubadilishane vituo.

Naomba tu nisirudishwe kwa lori, maana hilo lilishajaribiwa. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, wakazi wa Dar es Salaam wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa, wakapakiwa na kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirejea mjini kabla vumbi la magari halijatua. Desemba 2018 machinga tukauziwa kitambulisho kwa shilingi 20,000 ili tusibughudhiwe. Oktoba 2021 tukaondolewa kandokando ya barabara za jiji. Kwa jitihada zote hizo, Dar es Salaam iliyokuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 ilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022. Ukiondoa waliozaliwa humohumo, waliobaki ni sisi. Hongereni.

Pokea pia pongezi kwa treni ya umeme. Tangu Julai 2024 inakatiza mahandaki ya Kilosa ikielekea Dodoma kwa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa. Zamani mlitulaumu kwamba tunakimbilia mjini. Sasa ndiyo tunakimbia kweli. Barabara ya Kilosa, Ulaya hadi Mikumi, inayotoa mahindi shambani, yenyewe ilikaa miaka mingi kwenye ahadi za kampeni. Masika ikikolea, malori hayafiki, na malori yasipofika, bei hupangwa na yule mmoja aliyethubutu kufika.

Mheshimiwa, husemwa kwamba vijana tunafuata taa za mjini. Mimi nilifuata gunia. Mkulima huvuna, mnunuzi huja na kamba zake, akalijaza gunia mpaka linaota kichwa, kisha akalipia bei ya gunia moja. Lumbesa hiyo imepigwa marufuku kisheria, jambo ambalo lumbesa yenyewe haijaarifiwa. Gunia hilo likifika sokoni Tandale, kila kilo inakumbukwa: ipo ya msagishaji, ipo ya dalali, ipo ya mpakuaji, ipo ya mwenye duka. Mzee wangu alibaki na jembe, deni la mbolea na risiti ya ushuru. Mahindi yake yalikwenda Dar es Salaam, na fedha yake ikabaki hukohuko. Nikaona ni heri nimfuate mwenye fedha kuliko kumsubiri mwenye kamba. Ikiwa huo ni uzururaji, gunia ndilo lililotangulia kuzurura.

Waliolima mbaazi nao wanakumbuka mwaka 2017. India iliwekea ukomo mbaazi za kutoka nje, bei nchini ikaporomoka, na mkulima aliyekuwa ameitikia wito wa kilimo cha biashara akabaki na kilimo bila biashara.

Husemwa pia kwamba ardhi ipo tele. Ipo, ila ina wenyewe. Kilosa ina mashamba makubwa ya mkonge ya tangu enzi za ukoloni, na mengine yamegeuka pori. Upande wa Mikumi kuna Hifadhi ya Taifa tangu 1964, ambako tembo ana mipaka inayolindwa kwa bunduki. Kilichobaki wanagombania mkulima na mfugaji. Desemba 2000 ugomvi huo uliua watu 38 Rudewa Mbuyuni. Hapo sina mzaha.

Ili uhamisho wangu usije ukatenguliwa na njaa, naambatisha maombi yangu. Kila kijiji kinachouza mazao kiwe na mizani inayopima, na mwenye lumbesa ashtakiwe. Barabara ipitike masika na kiangazi. Mashamba yaliyogeuka pori yapimwe, vijana wapewe hati za kimila. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa mikopo ya vijana imfikie hata asiyemjua mtu halmashauri.

Mkiyatekeleza hayo, sitahitaji posho wala hotuba. Nitakata tiketi ya basi kwa fedha yangu. Msipoyatekeleza, msinitumie mgambo anifundishe utamu wa kijiji kwa rungu. Kijiji kinacholipa hakimwombi kijana abaki. Tuleteeni mizani, barabara na ardhi. Hotuba tunazo za kutosha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Machinga wa Kariakoo, mzaliwa wa Ulaya