Sifa za Kihusishi cha Kiingereza

Washairi wamesifu minazi na majahazi. Leo nakisifu kihusishi cha Kiingereza, kile kidude cha herufi mbili hadi nne kinachokaa kati ya vitu viwili vinavyolinganishwa na kuwatoa watu wazima jasho.

Kwanza, kinaleta ajira. Kiswahili chetu ni fukara mno: “kuliko” moja, “na” moja, shughuli imekwisha. Mama wa Mgeta anashusha karoti zake Soko Kuu la Chifu Kingalu, mjini Morogoro, na kutangaza, “Hizi tamu kuliko za jana, na bei yake tofauti na ya juzi!” Mteja ameelewa, hela imetoka. Hakuna twisheni, hakuna kitabu cha mazoezi. Sasa mwalimu wa jioni angekula nini?

Pili, kina msimamo. Neno “older” unalipa “than”. Lakini “senior” na “superior” wana damu ya Kilatini, hawakai na “than”, wanataka “to”. “Prefer” naye vivyo hivyo. Ukiuliza sababu, unaambiwa kariri. Bingwa wao ni “different”: vitabu vya shule vinataka “from”, Waingereza wengi husema “to”, Wamarekani wengi husema “than”. Wenye lugha wakitofautiana, hiyo inaitwa lahaja. Mwanafunzi wa Morogoro akiwaiga, linaitwa kosa.

Tatu, na hapa ndipo utukufu wake ulipo, kinatupunguzia kazi ya kupima akili. Mtoto wa Matombo amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Milima ya Uluguru anaijua vizuri. Anajua kilele cha Kimhandu, chenye mita zaidi ya 2,600, kinakipita cha Lupanga kinachoutazama mji. Anajua mvua ya huko juu ndiyo inayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Basi anaandika: “Kimhandu is higher to Lupanga.” Mlima haushuki hata inchi moja, anayeshuka ni yeye, kwa alama.

Kwa hiyo, waheshimiwa wapanga mitaala, kihusishi hiki msikiguse. Kikiondoka, itabidi tumuulize mtoto anajua nini kuhusu mlima wake, kisha tukae tumsikilize. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuizungushia “to” wino mwekundu.