Jinsi ya Kukimbia Marejesho Bila Kutoka Jasho

Mwenzangu, anza na lugha. Usitamke "deni" hata ukiwa peke yako chooni. Sema "hela ipo kwenye mzunguko". Mwenye deni anaonewa huruma. Mwenye mzunguko anaitwa bosi. Na piga pasi kola, maana afisa mikopo hupunguza sauti akikuta shati limenyooka.

Pili, simu. Namba ngeni usipokee. Ukipokea kwa bahati mbaya, wewe ni mdogo wake, mwenyewe yuko msibani. Ila andika pembeni umeshamzika nani. Bibi mmoja hafi mara mbili kwa mwezi, na yule afisa naye ana daftari.

Tatu, mikopo ya kwenye simu. Ulipobonyeza "Ruhusu" uliwagawia wakopeshaji majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Ukichelewa, ujumbe unamfikia mama mkwe, mchungaji, na fundi wa makochi ambaye naye anakudai. Dawa ni kuhifadhi namba za wadaiwa wenzako tu. Hao hawana ubavu wa kukucheka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Usishangilie kabla hujaisoma orodha yote. Mimi nilichinja kuku, kumbe ya kwangu haimo.

Nne, mikopo ya vikundi, ile ya kausha damu. Hapa ndipo penye kazi. Siku ya marejesho kikundi kinakaa mkekani kwa mwenyekiti, na haondoki mtu mpaka hesabu itimie. Saa nne wanakuulizia kwa upole. Saa sita wanawake kumi na wawili wamesimama mlangoni kwako, wengine na watoto mgongoni, wanaipimia macho friji. Usibishane nao. Wengine ni wadhamini wako, na wali wa nyumbani kwao haujapikwa kwa ajili yako.

Kwa hiyo friji ihame usiku wa kuamkia siku hiyo, imefunikwa shuka, kwenda kwa jirani. Ukiulizwa, iko kwa fundi, gesi imeisha.

Lakini chagua jirani asiye na marejesho. Mimi sikuuliza. Asubuhi kikundi changu kilikuta ukumbi mtupu, kikaondoka kinalaani. Mchana kikundi cha jirani kikaja kwake na guta, kikabeba friji yangu pamoja na shuka.

Mpaka leo iko kwa mwenyekiti wao. Inagandisha vizuri sana, anauza barafu.