Namna ya Kuwalipa Wavuvi kwa Hadithi

Una chombo Rumonge, Burundi, mwezi ni mpevu, ndagala hawaifuati taa, na vijana wako wamejaa ufukoni wakiulizia mgao wa wiki iliyopita. Usifungue pochi. Fungua mdomo, ukifuata hatua hizi.

1. Sema wanyama, usiseme watu. Ukitamka "nyinyi wavivu" utajibiwa. Ukianza na "hapo kale paliondokea panzi na sisimizi," kila mmoja atainama akijiuliza panzi ni nani. Sisimizi ni wewe, hata kama hujawahi kuvuta wavu.

2. Mtaje Mgiriki. Sema ngano ni ya Esopo, wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Aliyepita shule atamkumbuka kunguru wa La Fontaine, Mfaransa aliyechota humo humo na kuchapisha mwaka 1668, naye ataitikia kwa kichwa. Ila usithubutu kugusia kwamba Esopo, kwa maelezo ya Herodotus, alikuwa mtumwa kisiwani Samos. Wakijua kwamba ngano ni silaha ya asiyeweza kumsema bwana wake waziwazi, umekwisha.

3. Toa funzo mwenyewe, tena upesi. Mafunzo mengi ya ngano za Esopo yaliongezwa na waliozikusanya baadaye; nawe ongeza lako. Funzo lolote linafaa, mradi liwe subira. Ukiwaachia wajitafutie, watapata lingine.

4. Wasisimulie wao. Hapa ndipo matajiri wengi wanapozama. Kijana anayegeuza ndagala kwenye chanja ataanza taratibu, bila hata kukutazama: simba, punda na mbweha waliwinda pamoja. Punda akagawa mafungu matatu sawasawa, simba akamrarua. Mbweha akagawa upya: lundo lote la simba, yeye akabakiza kipande. Simba akauliza, nani kakufundisha kugawa vizuri hivi? Mbweha akajibu, punda. Hiyo nayo ni ya Esopo. Kijana atapangusa magamba mikononi, kisha aulize kwa adabu zote: "Tajiri, mafuta ya injini umekata, taa umekata, nyavu umekata. Sisi hapo ni punda au mbweha?" Na wakishaanza kumtaja Samandari, yule mjanja wa Warundi, dai kwamba simu yako inaita.

5. Kumbuka mwisho wa Esopo. Inasimuliwa kwamba watu wa Delphi walimtupa gengeni, na njiani aliwapigia ngano moja baada ya nyingine, isifae hata moja. Ikiwa hadithi hazikumwokoa fundi wake, wewe wa kuokota utapona vipi? Hesabu faranga, lipa. Baada ya hapo simulia upendavyo: watacheka hata pasipochekesha.